Kompyuta Iliyopona Mapema

Watu wa Siakago walimwita Njura daktari, ingawa hakuna binadamu aliyewahi kumtibu. Alikuwa afisa wa mifugo. Miaka ya nyuma alizunguka Mbeere nzima kwa pikipiki ya serikali, akichanja ng'ombe na kukagua mbuzi, na kila boma alilofika alipewa uji na kiti. Lakini ilipofika Februari ya mwaka 1999, pikipiki ilikuwa imeegemezwa nyuma ya ofisi bila gurudumu, na dawa za chanjo zilikuwa zikija kwa nadra kama mvua ya huko. Asubuhi alikwenda kazini, akasoma gazeti la juzi, akaangalia njiwa wakitembea juu ya mabati, kisha akarudi nyumbani.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Mkewe, Igoki, alikuwa Mombasa. Alikwenda kumsaidia binti yao Muthoni aliyejifungua mapacha, akasema atakaa mwezi mmoja tu, mama apate nguvu. Mapacha wakaota meno, wakatambaa, wakasimama dede, wakaanza kukimbia, na Igoki bado yuko Mombasa. Hawakuwa wamegombana. Wangegombana ingekuwa afadhali, maana waliogombana hupatanishwa, wazee huitwa, mbuzi huchinjwa, mambo yakaisha. Wao walikuwa wazima tu, kila mmoja kwake.

Mwana wao Antony alikuwa amemaliza masomo India, akapata kazi hukohuko. Mara ya mwisho alipokuja likizo alimwachia baba yake kompyuta ndogo, ile inayokunjwa kama kitabu. Ndani yake mlikuwa na michezo. Kulikuwa na mmoja mpya wa kujenga mji, wenye picha nzuri na muziki, na kulikuwa na mwingine wa zamani sana, wa ndege ya posta. Huo wa ndege picha zake zilikuwa kama vipande vya matofali, na sauti yake ilikuwa mlio wa nyenje. Kazi yako ni kupeleka mifuko ya barua visiwani, ukitua na kupaa kabla mafuta hayajaisha. Njura aliujaribu ule wa mji, akachoka. Alikuwa ameona mipango ya serikali ya kutosha. Ule wa ndege ndio ulimteka. Kila jioni alipotoka kazini alifungua madirisha, akawasha kompyuta mezani, akapaa.

Basi mwezi ule wa Februari kompyuta ikaanza kuugua. Ndege ikifika kisiwa cha pili au cha tatu, chini ya mashine kunapata moto, feni inapiga kelele, halafu kioo kinakuwa cheusi kabisa. Ikipoa inawaka tena kama kwamba hakuna kilichotokea. Njura aliigusa pembeni kwa nyuma ya kiganja, jinsi alivyozoea kugusa sikio la ng'ombe mwenye homa, akatikisa kichwa. Cha ajabu ni kwamba ule mchezo mpya, wenye picha nzito na muziki, haukuizima hata mara moja. Mchezo mzito unaiacha nzima, mchezo mwepesi unaiua. Jambo hilo lilimkaa kichwani.

Aliifunga kompyuta kwenye sweta akaipeleka Meru. Aliambiwa kuna mwalimu mwanamke mwenye chuo kidogo orofani, karibu na soko la Gakoromone, anayejua mashine hizo. Alimkuta. Jina lake Carol Kagwiria, mama wa makamo, mwenye miwani aliyoisukuma juu ya paji la uso alipotaka kuona kitu kwa karibu. Zamani alifundisha kupiga chapa, na taipureta zake zilikuwa bado zimepangwa ukutani zikifunikwa kwa mifuko ya plastiki. Sasa alifundisha kompyuta.

"Inazima ikiwa inafanya nini?" aliuliza.

"Nikiwa narusha ndege, Madam."

Carol hakucheka. Aliuwasha ule mchezo juu ya meza kando ya dirisha, akamwambia Njura arushe kama kawaida, akaendelea kufundisha. Njura alikaa kwenye benchi akarusha. Upepo wa baridi kutoka mlimani uliingia dirishani, na chini sokoni akina mama walikuwa wakinadi viazi na ndizi kwa kelele. Wanafunzi walitoka kwenda kula, wakarudi. Ndege ilikuwa bado hewani.

"Mzee, hii haina shida," Carol alisema mwishowe. "Lakini chukua namba yangu ya simu. Ikizima tena, niambie."

Ilizima jioni ya siku iliyofuata, kabla ya kisiwa cha pili.

Njura alikwenda kwenye kibanda cha simu pale posta. Alikuwa na aibu kidogo, mtu mzima kupiga simu kwa ajili ya mchezo, kwa hiyo aliamua kufanya mzaha.

"Madam, ni mimi wa Siakago. Mgonjwa amezidiwa."

Carol aliangua kicheko. Kilikuja kupitia waya kikiwa kimekwaruzika, lakini kilikuwa kicheko hasa, na Njura akagundua kwamba hakumbuki lini mara ya mwisho alimchekesha mtu.

"Haya, daktari," Carol alisema. "Hapa Meru kuna baridi, huko kwenu ni jiko. Pengine hiyo ndiyo tofauti. Inakaa juu ya nini?"

"Juu ya meza."

"Meza tupu?"

Njura alifikiria. "Kuna kitambaa. Mama watoto alikifuma."

"Kitoe. Hiyo mashine inapumulia chini. Umeifunika pua."

Alikitoa. Siku hiyo ndege ilifika kisiwa cha nne ndipo ikazima. Alimpigia Carol kumweleza, naye akafurahi kama aliyepata barua. Akamwambia ainue kompyuta kwa vipande viwili vya mbao, hewa ipite. Halafu akamwambia aangalie matundu ya feni. Njura aliyachungulia kwa tochi akaona vumbi jekundu la Siakago limeganda humo kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Alilitoa kwa pampu ya baiskeli, polepole, kama alivyoelekezwa. Ndege ikafika kisiwa cha tano. Ikazima.

Hivyo ndivyo zile simu zilivyokuwa desturi. Alitoka ofisini, akapita posta, akasimama kwenye foleni, akampigia Carol, wakazungumza ugonjwa. Carol alikuwa na maswali mengi. Joto linaanzia upande gani? Feni inabadilisha sauti lini? Je, ukiuwasha mchezo halafu usiucheze, uuache tu ukingoja? Kuanzia asubuhi Njura alikuwa akikusanya majibu. Njiani aliyapanga kichwani yasimpotee. Mara nyingine mazungumzo yaliteleza kidogo, yakaingia habari za mvua, au muguka, yale majani ya kutafuna, uliopanda bei, au mtoto wa Carol aliyekataa kunyoa nywele, kisha yakarudi kwenye kompyuta. Karani wa posta alianza kumsalimu kwa jina.

Swali lile la kuuacha mchezo ukingoja ndilo lililotegua kitendawili. Njura alifanya kama alivyoambiwa. Aliuwasha mchezo wa ndege, hakugusa kitu, ndege ikabaki imesimama uwanjani, naye akaketi akiitazama. Mashine ikapata moto vilevile, ikazima. Kisha akauacha mchezo mpya ukingoja vivyo hivyo. Mashine ikakaa baridi.

"Nimejua!" Carol alisema alipoelezwa, na Njura akalazimika kuondoa simu sikioni. "Mzee, sikiliza. Huo mpya, kama huna la kufanya, unaiacha mashine ipumzike kidogo. Huo wa zamani uliandikwa wakati ambapo hakuna aliyefikiria mambo hayo. Hata ndege ikiwa imesimama, unaiuliza mashine, amebonyeza? Amebonyeza? Amebonyeza? Mara elfu na elfu, bila kunyamaza. Ndiyo maana inachemka. Huku kwetu baridi inauficha ugonjwa huo, huko kwenu hauna mahali pa kujificha."

"Dawa ipo?"

"Kuna programu ndogo ya kuilazimisha ipumzike katikati ya maswali. Nitakutumia kwa disketi."

Disketi ilikuja na gari la matatu, ndani ya bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili, na makanga wa gari akamkabidhi Njura mkononi. Aliiweka akifuata maelekezo aliyokuwa ameyapata kwa simu, herufi moja baada ya nyingine. Halafu akarusha ndege. Kisiwa cha kwanza, cha pili, cha tano. Akavipita visiwa ambavyo hakuwahi kuviona, kimoja kikiwa na mnara, kingine kikiwa na theluji. Akapeleka kila mfuko wa barua. Feni ilikuwa ikivuma taratibu. Aligusa chini ya mashine, ikawa vuguvugu tu, kama ng'ombe mzima.

Alipaswa kufurahi, na kweli alifurahi kidogo. Kisha akaitazama ile nyumba. Kijiko kimoja kwenye sinki. Kiti kimoja kilichovutwa kutoka mezani, vingine vyote vimesukumwa ndani. Akawaza, kesho nitampigia kumwambia nini?

Kesho yake alisimama kwenye kibanda cha simu, akasikia sauti ya Carol ikiuliza kwa hamu, "Ehe? Imekuwaje?"

"Bado, Madam," alisema. "Imezima."

Halikuwa jambo alilolipanga. Lilimtoka tu. Lakini uongo ukishazaliwa hutaka kulishwa. Carol akauliza imezima baada ya muda gani, Njura akabuni. Akauliza feni ikoje, Njura akasema inalia kama nzi aliyenaswa. Carol akamwambia abadilishe hili na lile, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, akaenda nyumbani, akarusha ndege yake bila shida, na jioni iliyofuata akarudi na dalili mpya. Alikuwa anazijua dalili. Maisha yake yote wafugaji walikuwa wamemweleza dalili.

Siku moja Carol alisema, "Mzee, hii sasa imenishinda. Nimesoma vitabu vyote nilivyo navyo. Jumamosi nitakuja huko niione kwa macho yangu."

Njura akawahi kumzuia. "Usijisumbue, Madam. Ni mbali."

"Si kujisumbua. Haiwezekani ikatae. Kuna kitu nimekosea, na siwezi kukaa bila kujua ni nini."

Jumamosi asubuhi Njura alifagia nyumba, akachemsha ndengu, akapika chapati, akanunua maziwa. Halafu akasimama mbele ya kompyuta akiwa na kitambaa cha jikoni mkononi. Ingekuwa rahisi. Kuyaziba matundu ya feni kidogo tu, kwa ndani, mahali pasipoonekana. Ingezima mbele ya macho yake, na hakuna ambaye angejua. Alikisokota kitambaa, akaanza kukisukuma ndani kwa kalamu. Kikaingia nusu. Akajiona anavyoonekana, mwanamume mwenye mvi, aliyeapa kuponya wanyama, akimziba pumzi mgonjwa aliyekwisha kupona. Akakitoa. Akakitupa kwenye ndoo ya takataka na kwenda kumngoja mgeni kituoni.

Carol alishuka akiwa amechoka, vumbi limemtanda hadi kwenye miwani, mkononi kikapu chenye bisibisi, brashi, na disketi kadhaa. Alikataa kula kwanza. Alikaa mezani akauwasha mchezo wa ndege.

"Tuone," alisema.

Wakaona. Ndege ilipaa, ikatua, ikapaa. Njura aliandaa chai. Wakanywa. Carol aliigeuza mashine ubavu, akasikiliza feni, akaigusa chini, akaiinamisha tena. Jua lilisogea kutoka dirisha moja hadi jingine, na nje kuku walitafuta kivuli. Mara mbili Njura alifungua mdomo, mara mbili akamimina chai zaidi. Chumba kilipata joto kiasi cha mtu kutokwa jasho ameketi, na kompyuta haikuzima.

Carol akavua miwani. Hakuangalia kompyuta tena. Alimwangalia yeye.

"Mzee, hii mashine imepona lini?"

Njura aliweka birika chini. "Siku ile disketi ilipofika."

"Na feni inayolia kama nzi?"

"Hailii."

Carol akakunja miwani, akaiweka mezani. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini, na Njura akatamani ingekuwa ya juu.

"Unajua mimi nimekuwa nikifikiri nimesahau kazi? Nimeirudia ile programu tangu mwanzo. Nimekaa mbele ya wanafunzi nikiwaambia kuna shida hapa siielewi, labda mimi si mtu wa kompyuta, labda ningebaki na taipureta. Leo kwaya ya mtoto wangu inaimba huko Nkubu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuimba peke yake. Nilimwambia nisamehe, kuna mzee ana shida."

"Nisamehe, Madam."

"Ulikuwa unataka nini hasa?"

Njura aliangalia mikono yake. "Kuongea tu."

"Basi si ungesema?"

"Ningesemaje? Mtu anapiga simu Siakago mpaka Meru, kwa mke wa watu, anasema yuko peke yake?"

Carol alianza kukusanya vifaa vyake. Akasimama katikati, bisibisi mkononi, akaangalia vile viti vilivyosukumwa ndani ya meza.

"Mama wa hapa yuko wapi?"

"Mombasa, kwa binti yetu. Analea mapacha."

"Na humpigii?"

"Nampigia mwisho wa mwezi. Namuuliza mko salama, ananiambia tuko salama. Nauliza watoto, ananiambia wazima. Kisha salamu zinaisha. Kwako zilikuwa haziishi. Ulikuwa unauliza maswali."

"Niliuliza kwa sababu ni kazi yangu, Mzee," Carol alisema. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama lilivyo, na ndiyo sababu liliuma.

Hakula ndengu. Alikunywa maji, akasema barabara ni ndefu. Njura alimsindikiza hadi kituoni akimbebea kikapu, na njia nzima watu walimsalimu daktari na mgeni wake, naye akaitikia kwa furaha ya uongo. Gari lilipokuwa likijaa, Carol alimpa mkono. "Kaa vizuri," alisema. Basi.

Njura hakumpigia tena. Alipita mbele ya posta kila jioni bila kugeuza shingo. Baada ya muda alijaza mfuko wa ndengu safi, akautuma Meru kwa matatu, ukiwa na jina la Carol juu yake. Hakujua kama ulifika. Hakuna neno lililorudi, na hakuona kama ana haki ya kuuliza. Kompyuta aliikunja akaiweka juu ya kabati. Haikuwa na kosa lolote, ila hakutaka kuiona.

Jumapili moja baada ya ibada, badala ya kwenda nyumbani, alijikuta kwenye kibanda cha simu. Haukuwa mwisho wa mwezi. Alipiga Mombasa, nyumbani kwa Muthoni, na Igoki mwenyewe akapokea, akaitambua sauti yake.

"Hallo? Baba Antony?" Sauti ilikuwa imejaa hofu. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Antony ana nini?"

"Antony yuko salama. Wote wako salama."

"Ala! Sasa unapiga ya nini?"

Njura alishika waya wa simu. "Nimefanya jambo la aibu, Mama Antony. Nataka nikuambie kabla hujaambiwa na watu."

Akamweleza. Alianza vibaya, akarukia katikati, akalazimika kurudi nyuma na kueleza ndege ni ndege gani na visiwa ni visiwa gani. Alieleza kitambaa, vumbi, disketi. Alieleza uongo. Alieleza mama wa watu alivyotoka Meru na kikapu cha bisibisi, na mtoto wake akaimba bila yeye. Igoki hakumkatiza. Kuna wakati Njura alidhani laini imekatika.

"Upo?"

"Nipo. Ulimtoa mtu Meru bure?"

"Bure kabisa."

"Haki ya Mungu, Njura." Hakuwa amemwita jina hilo tangu Antony azaliwe. Kisha akasema, "Hapa wamepata yaya. Tangu mwaka jana. Muthoni anakwenda kazini, watoto wanachukuliwa na yaya kwenda kucheza, mimi nakaa dirishani. Namhesabia jirani nguo kwenye kamba. Joto lenyewe, na watu wa hapa siwasikii wakiongea haraka."

Njura hakuelewa mara moja. "Kwa hiyo mbona hurudi?"

"Hujawahi kuniambia nirudi."

"Nilidhani wanakuhitaji."

"Na mimi nilidhani wewe umezoea."

Nyuma ya Njura mtu aligonga kioo cha kibanda. Foleni ilikuwa imekua. Aliigeukia, akainua mkono kuwaomba subira, akasema haraka, akiwa amefunika mdomo kama anayetaja ugonjwa wa siri, "Basi rudi."

"Nitaongea na Muthoni. Yeye hapendi nikitaja habari ya kurudi. Analia."

"Ongea naye."

"Nitaongea naye," Igoki alisema, na laini ikakatika kweli.

Hakuja Pasaka, kwa sababu mapacha walishikwa na surua na Muthoni alimwomba abaki. Alikuja Mei, mvua zilipokwisha na kunde zikiwa tayari kuvunwa. Alikuwa amenenepa na alitembea polepole kuliko wakati alipoondoka. Siku za kwanza waliogopana kidogo, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni kama mgeni. Igoki alikuwa amezoea kula wali jioni. Njura alikuwa amezoea kula amesimama. Alikaa hadi katikati ya Juni, halafu Muthoni akapiga simu posta akilia, naye akafunga mizigo tena.

Njura alimsindikiza hadi Embu akamweka kwenye basi. Kabla halijaondoka Igoki alitoa kichwa dirishani.

"Utapiga lini?"

"Jumapili."

"Uwe na la kusema," alimwambia. "Si habari nzuri peke yake."

Basi likaondoka. Njura alirudi Siakago mchana, akafungua mlango na kuketi. Nyumba ilikuwa kimya kama zamani. Akaanza kukumbuka mambo ya wiki ile, moja baada ya jingine, akitafuta lipi la kuanza nalo Jumapili.